Mama Kamati na Kifungu cha Nyongeza

Ukimpigia simu saa za kazi, jibu lake lilikuwa lilelile miaka nenda miaka rudi: "Niko kwenye kamati, mdogo wangu, nitakupigia." Hakupiga. Ukimpigia jioni, ndiyo kwanza wanatoka kwenye kamati. Ukimpigia Jumamosi, kamati. Watoto wa mtaa wetu hapa Kasulu wakaona isiwe taabu, wakamwita Mama Kamati, na jina likamganda mpaka mumewe naye akawa analitumia. Na mimi nitamwita hivyohivyo. Jina lake la vyeti hata yeye alikuwa analisahau. Siku moja hospitali wameliita weee, yeye kakaa tu anasoma makaratasi yake, mpaka nikampiga kikumbo.

Alikuwa mbunge. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nazungumzia kamati ya harusi. Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake alikuwa nani, hayo waulizeni wanaoandika wasifu wa marehemu. Huyu wangu yu hai na anakula vizuri. Mimi ni muuza maharage, kibanda changu kiko sokoni upande wa nafaka, na nyumba yake ilipakana na stoo yangu ukuta kwa ukuta. Nilikuwa namsikia anavyocheka peke yake akisoma miswada. Jamani, mtu anacheka na muswada!

Ofisi hakuipenda. Kiyoyozi, alisema, kinamtia usingizi, na sofa za ofisini zinawafanya watu waseme "hakuna shida" hata kama shida ipo. Kwa hiyo kila muswada ulipopelekwa kwenye kamati yake, wikendi alikuja nao nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, anarukiwa na matope kwenye bodaboda amekaa upande, suti nzuri na kandambili. Anatandika mikeka uani. Anamwaga katikati fungu la maharage yenye maganda. Sharti la kikao lilikuwa moja: anayeongea lazima awe anapukuchua. Aliamini mtu mwenye kazi mikononi hana nafasi ya kujifanya mkubwa. Mimi naamini alikuwa anatafuta vibarua wa bure, maana tukimaliza sheria, maharage yake yalikuwa yamemalizika pia.

Basi anasoma. Sauti anayo, ila alikuwa na tabia ya kusimama ghafla. Kila akifika penye maneno "mtu yeyote," anavua miwani. "Mtu yeyote ni nani?" Usipojibu haendelei. "Mtajeni jina. Huyo mtu yeyote anaishi mtaa gani? Anauza nini?" Mwanzoni tuliona ni michezo. Baadaye tukazoea, akisoma tu "mtu yeyote," sisi tunapaza sauti: "Ni shemeji yake Rehema, yule wa mkaa!" Naye anaandika pembeni ya karatasi: shemeji, mkaa. Halafu anamfuata yule shemeji kwa kifungu kizima kuona kama atatoka salama.

Ndugu yangu Bukuru, anayelima kule Kitanga, alikuwa hampendi. Ni mtu wa kusema usoni. Siku moja alikuja na baiskeli yake, akamkuta pale uani, hata maji hajanywa. "Mheshimiwa, sisi tunakutafuta kwenye televisheni hatukuoni. Wenzako wanapiga meza, wanafoka, wengine wanalia machozi. Wewe umekaa kimya mpaka unatutia aibu. Tulikutuma kulala?"

Nikatamani ardhi inimeze. Mama Kamati akamsogezea kigoda na maharage. "Pukuchua, kaka yangu. Unakula ugali nyumbani kwako?"

"Nakula."

"Unaukuta mezani. Kelele za mezani unazisikia, huyu kasifia, yule kanuna. Chumvi inatiwa wapi?"

"Jikoni."

"Basi mimi niko jikoni. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza bungeni unaletwa kwetu. Tunaufungua kipande kipande. Tunawaita wanaohusika na sheria hiyo, wakulima, wafanyabiashara, mawakili, tunawaita na wa wizarani walioileta, tunawauliza hapa mlikuwa mnafikiria nini. Penye kasoro tunabishana mpaka parekebishwe. Ndipo tunarudi bungeni na taarifa yetu, ndipo wewe unawaona wanapiga meza. Wakati huo chumvi imeshaingia, au haijaingia."

Bukuru akapukuchua, akafikiri. "Ila hata mpishi," akasema, "siku mojamoja huchungulia sebuleni wageni wamwone." Tukacheka mpaka Mama Kamati akapaliwa na chai. Lakini Bukuru hakuwa anatania, na hakuwa peke yake. Mjini maneno hayo yalikuwa yanatembea: mbunge bubu.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Mtu huyuhuyu aliyeweza kukesha na neno moja la sheria aliwahi kwenda mnadani akauziwa jogoo akiambiwa ni tetea. Wiki mbili anasubiri mayai! Alikuwa anachukia wachelewaji, na yeye hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kanisani aliimba sauti ya tatu, akiwa mwimbaji peke yake wa sauti hiyo. Kupika ndiyo usiseme. Ugali wake wa muhogo tuliuogopa waziwazi, na yeye anajua, na bado anakaribisha. Na kuomba nyongeza! Hapo alikuwa hana haya hata chembe. Nimeshampimia, nimeshamwongezea, anafika mlangoni anarudi: "Mdogo wangu, hebu niongezee na ya mume wangu."

Hii nyongeza nieleze, maana ndiyo iliyotupeleka Dodoma. Kwetu ukimpimia mtu bakuli la maharage, unajaza, unasawazisha kwa kiganja, unammiminia kwenye mfuko wake. Halafu mkono unarudi kwenye gunia, unachota kiganja kimoja unamtilia juu. Hiyo haina bei wala haiandikwi. Ukiishia kwenye ukingo wa bakuli ukafunga mfuko, umemwambia mtu kwamba mimi na wewe tuna neno. Wifi yangu nilimfanyia hivyo mara moja, tulikuwa tumegombana, akalia palepale sokoni mbele za watu.

Lumbesa ni kitu kingine kabisa. Mwenye lori anafika shambani, anaona gunia la mkulima limejaa hadi mdomoni, kwake bado. Analishonea neti juu, gunia linavaa kilemba, na kilemba chote hicho mkulima anakijaza bure. Hutaki? Lori linawashwa, unabaki na mazao yako mvua inakuja. Bukuru amejaza vilemba maisha yake yote. Watoto wake wangesoma mpaka wachoke kwa vilemba alivyojaza yule mwanaume.

Kwa hiyo siku Mama Kamati alipokuja na muswada wa vipimo vya mazao, Bukuru alifika kabla ya mikeka. Wenye muswada walikuwa na nia nzuri, hilo nalisema, walitaka kuua lumbesa. Mama Kamati akavaa miwani, akasoma kwamba mtu yeyote atakayeuza au kununua mazao kwa kipimo kilichozidi ukingo wa chombo au mdomo wa gunia, kwa kiasi chochote, atakuwa ametenda kosa. Akavua miwani.

"Mtu yeyote ni nani?"

"Ni mwenye lori!" Bukuru akasimama, maganda yakamwagika. "Ni Sefu huyu hapa! Afungwe!"

Mzee Sefu alikuwepo, kakaa kwenye kiti maana magoti yanamsumbua. Duka lake la nafaka ndilo kubwa pale mjini, na malori mawili. Baba yake alikuja kutoka Tanga, na Sefu hajawahi kukubali kwamba na yeye sasa ni wa Kasulu. "Wallahi, nyinyi watu mna ghadhabu," akasema. "Mnanifunga hata chai sijamaliza?"

Watu wakashangilia. Mama Kamati hakushangilia. "Mtu yeyote mwingine ni nani?"

Tulikuwa tumeshampata mtu wetu, wa nini mwingine? Ndipo Mama Jenerose akasema, bila kuinua macho kwenye maharage, "Ni mimi."

Mama Jenerose tunauza naye bega kwa bega. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye alikulia kambini, akaja kupewa uraia na wenzake akiwa ameshakuwa na wajukuu. Hana maneno mengi. "Kwa kiasi chochote, umesoma hivyo," akasema. "Kiganja ni kiasi. Mimi nikimwongezea mteja, nimezidisha ukingo. Dada, siku ile niliyoapa niliwaambia wanangu, katika nyumba hii hakuna tena mtu wa kumwogopa askari. Sasa nitafanya nini? Niwapimie watu kama nimewachukia? Au niwe mvunja sheria uzeeni?"

Nilimtazama mwenzangu nikaona mikono imesimama. Ndiyo mara ya kwanza niliiona imesimama pale uani. Nikapandwa na hasira, nikasema kiganja changu ni changu, sheria ibaki kwenye gunia. Wanawake wote tukaanza kusema kwa pamoja, Kiswahili kikaisha tukahamia Kiha.

Mzee Sefu akanyanyua mkono. "Nami nina swali. Nyinyi mkiongeza, ni ukarimu. Mkulima akiongeza kwenye gunia langu, ni wizi. Kiganja na kilemba, vyote vimevuka ukingo. Mtu wa sheria atavitofautishaje?"

Tulimzomea. Bukuru alimwita jina ambalo siliandiki. Mama Kamati akapiga makofi, uso umemng'aa kwa furaha. "Nyamazeni! Nyinyi mmepiga kelele, huyu ndiye aliyeuliza swali. Na swali hilihili wataniuliza Dodoma. Nani ana jibu?"

Hatukuwa nalo. Maharage yaliisha, hatukuwa nalo.

Kamati ikatangaza kuwaita wadau. Umoja wa wanawake wa soko ukaomba, ukakubaliwa, nikachaguliwa mimi kwa sababu ya mdomo na Mama Jenerose kwa sababu ya hekima. Tukapanda basi na bakuli letu na kifuko cha maharage ya njano. Getini walikikagua kile kifuko mpaka nikauliza kama wanataka kununua.

Chumba kina zulia, meza ndefu imezunguka, kila mtu na kipaza sauti chake. Na Mama Kamati huyo, kakaa upande wa pili, kanyooka, ananitazama hanijui! Nikampungia mkono. Akainamia karatasi. Nilikasirika, siwezi kuficha. Mtu nimepukuchua maharage yake miaka yote!

Mwenyekiti, baba mmoja mcheshi, akasema tuoneshe mauzo yanavyofanyika. Mwanasheria wa wizarani, kijana mtaratibu sana, akanielekeza nipime kwanza kama muswada unavyotaka: nijaze, nisawazishe, nimimine, basi. Nikajaza. Nikasawazisha. Nikammiminia Mwenyekiti kwenye bahasha yake. Na mkono huu, Mungu ni shahidi, ukarudi wenyewe kwenye kifuko ukamwongezea.

"Mama, hapo umetenda kosa," kijana akasema kwa upole.

Chumba kizima kikacheka. Nikaambiwa nirudie. Nikarudia, mkono nimeukazia macho, na nikamwongezea tena! Mwenyekiti akafuta machozi. "Huyu mama tutamfunga maisha," akasema. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Lakini kijana hakuwa mjinga, akaleta swali lile la Sefu karibu neno kwa neno. Tukiruhusu kiganja, kilemba nacho si kitapita hapohapo? Nikajaribu kujibu nikajikuta narudia tu kwamba ni desturi, ni desturi. Ndipo Mama Kamati akawasha kipaza sauti chake. "Mama, umeulizwa swali. Hukutoka Kasulu kuja kutusomea neno moja. Tofauti ni nini? Kama hujui, sema hujui."

Mama Jenerose akanishika goti chini ya meza, akavuta kipaza sauti. "Mimi naongeza bei ikiwa imeisha," akasema. "Nisipoongeza, mteja atanuna, lakini maharage yake anayo na mimi pesa yangu ninayo. Mkulima asipojaza kilemba, hauzi. Yangu inatoka. Ile inatolewa."

Kijana akaandika, kisha akasema: "Nimekuelewa, mama. Ila mkulima atafundishwa na mwenye lori aseme, nimetoa mwenyewe, bei imeshaisha. Nani atamwamini vinginevyo?" Na alikuwa na haki. Ningekuwa mwenye lori ningefanya hivyohivyo.

Sisi tukaruhusiwa kwenda, wao wakabaki. Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uchaguzi. Wabunge wengi kila wakipata upenyo walikuwa majimboni wanasalimia wajumbe, wanahani misiba, wanacheza ngoma. Mpinzani wake ndani ya chama alishazunguka Kasulu yote mpaka Heru Juu, kila kilabu cha pombe kinamjua. Nikampigia: "Dada, njoo nyumbani, huku unazikwa." Akasema, mnajua alichosema. Nikamwambia kamati ina watu wengi, kiganja cha maharage hakitakosa msemaji. "Kina msemaji gani?" akaniuliza. "Nikiondoka leo, njia rahisi ni kufuta yote mawili au kuruhusu yote mawili. Mama Jenerose au Bukuru, mmoja ataumia. Unataka nimchague yupi?" Nikakata simu kwa hasira.

Walipomaliza, alikuja usiku usiku na basi, asubuhi akatuita uani. Kifungu kilikuwa kimeongezewa kifungu kidogo, na aliyekiandika ni yule yule kijana wa wizarani, akibishana na Mama Kamati neno kwa neno. Kwamba katika mauzo ya rejareja, si kosa muuzaji akimwongezea mnunuzi kwa mkono wake baada ya kipimo kukamilika. Katika mauzo ya jumla, gunia ni gunia, na anayenunua lililozidi mdomo ana kosa, mkulima aseme ametoa mwenyewe au asiseme. Kiganja huku, kilemba kule, ukuta katikati.

"Mtu yeyote ni nani?" akauliza, anatabasamu.

"Ni Sefu!" Bukuru akapaza sauti.

"Ni mimi," Mzee Sefu akakubali, anajikuna kidevu. "Lakini na nyinyi msinililie nikianza kununua kwa mizani. Mizani haina ukarimu." Na Mama Jenerose? Alikuwa anapukuchua kwa kasi, kichwa chini, machozi yanadondokea maganda, anacheka. Nikamkumbatia Mama Kamati, nikamwomba anisimulie kwa nini alinifokea mbele ya watu. "Ningekubembeleza," akasema, "wangesema huyu ni wa kwake, kamleta, na neno lenu lingepotea. Nilitaka waone nimewabana, na bado mmesimama." Nikamsamehe, ila si siku hiyo. Siku hiyo nilimpimia mpaka ukingoni tu, akaelewa.

Kura za maoni za chama akaanguka. Na aliangushwa vibaya, sitaki kupamba. Tulikuwa nje ya ukumbi tunasubiri, akatoka, akaja moja kwa moja kwetu. Nikadhani atalia, nikaandaa bega.

"Sasa nina muda," akasema. "Nitawapikia."

Mama wee! Hapo ndipo msiba ulipotufika. Tulikula ule ugali, wote, Bukuru na yeye, hakuna aliyethubutu kubakiza. Bukuru ndiye aliyekuwa na huzuni kuliko wote. Alikaa na sahani yake akasema, "Dada, mimi nilikuita bubu." Yeye akamwongezea ugali. Kusema kweli ile ndiyo ilikuwa adhabu.

Muswada ulishapita bungeni kabla ya hapo, na kile kifungu kidogo kikapita nacho, hakuna aliyekipigia meza. Wa vipimo walipokuja sokoni na kipaza sauti kututangazia sheria mpya, Mama Jenerose alimwomba ofisa arudie pale penye mkono wa muuzaji. Akarudia. Akaomba tena. Yule ofisa akashangaa wanawake wa nafaka wanapiga vigelegele kwa kusomewa sheria, akadhani tunamdhihaki.

Mama Kamati na mumewe wakahamia Kitahana, upande wa Kibondo, walikokuwa na shamba. Simu akawa anaipokea ikilia mara ya kwanza tu, na mimi nikawa sijui nimwambie nini, nilizoea kukatiwa. Miaka ikapita hivyo, salamu za simu na za krismasi na za idi, mpaka msimu huu uliopita nilipokwenda huko kutafuta maharage.

Nilimkuta barabarani penye gulio, mahali malori yanaposimama kupakia. Kafunga kitenge kiunoni, gamubuti miguuni, magunia yake yamepangwa mbele yake. Amenenepa! "Mwakeye!" nikamsalimu kwa Kiha, kwa kelele, akageuka, tukashikana pale katikati ya watu tunarukaruka na umri wetu huu. Akataka habari zote kwa mpigo, Mama Jenerose hajambo, Sefu magoti vipi, Bukuru. Nikamwambia Bukuru kaezeka bati nyumba yote mwaka huu, na kila anayemuuliza anamwambia ni bati la vilemba. Alinibana mkono akasema, "Acha bwana!" na macho yakamlowa.

Tukiwa hapo, mnunuzi akamfikia. Kijana, si wa huku, kwa lafudhi nilimdhania wa Mwanza. Hakumjua hata kidogo, kwake alikuwa mama mkulima kama wengine kwenye foleni. Akakagua magunia, akayaweka kwenye mizani, wakapatana, akamlipa kwenye simu. Vizuri kabisa. Gunia la mwisho lilikuwa bado halijashonwa. Na Mama Kamati, pesa imeshaingia, akainama kwenye beseni lake, akachota viganja viwili vya maharage akamtilia juu.

Sijui hadi leo kama alikuwa anamjaribu au mkono ulimponyoka.

Kijana akashtuka, akalishika gunia. "Hapana, mama, hapana! Toa."

"Ni nyongeza, mwanangu. Nimetoa mwenyewe. Bei si imeisha?"

"Hata kama umetoa mwenyewe. Hiyo ni ya sokoni, ya rejareja. Hapa tunanunua jumla, gunia likizidi mdomo nakamatwa mimi, na lori linabaki Kibondo." Akaanza kuyatoa yale maharage kwa mikono yake, taratibu, anayarudisha kwenye beseni la mwenyewe, hata yaliyodondoka chini akayaokota. "Nyinyi wakulima mnajipunja wenyewe. Ipo sheria, mama. Inawalinda. Mngekuwa mnazifuatilia hizi sheria."

"Kumbe ipo?"

"Ipo muda sasa."

"Nani kaileta?"

"Aa, sijui. Wakubwa huko Dodoma." Akafunga gunia kwa sindano yake, bapa, halina kilemba, akawaambia vijana wapakie.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia, huyu unayemfundisha unamjua ni nani? Mama Kamati akanifinya ubavuni, nikasikia hadi moyoni, nikanyamaza. Yeye alikuwa anatetemeka. Nikadhani kachukia. Kumbe kicheko kinampanda. Akajizuia, akajizuia, mwisho kikamshinda, akakaa chini barabarani na beseni lake mapajani akacheka mpaka watu wa foleni wakasogea kumwangalia.

"Mama huyu vipi?" kijana akaniuliza. "Nimemkosea?"

"Hujamkosea," nikamwambia. "Umemrudishia maharage yake."

Mama Kamati akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akainuka, akampa mkono yule kijana, mikono yote miwili, akamshukuru kwa heshima zote. Kisha akapiga vigelegele, kimoja kirefu, peke yake, pale kati ya malori, na kijana akasimama anamtazama, hajui ameshangiliwa kwa lipi.